Msuli Uliokaa Kichwa Chini

"Rudia," alisema Inspekta Émérence Kisimba. "Anzia pale ulimuona kwenye mvua."

Dieumerci alirudia. Ilikuwa mara ya nne tangu jana. Alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa miaka arobaini na kitu, oili imemwingia hadi kwenye mistari ya viganja. Pingu zilikuwa zimembana lakini hakulalamika. Mtu asiyelalamika huwachosha sana polisi.

"Siku ya yenga, saa kumi na mbili ya jioni. Nilimuona Ruphin anatoka upande wa soko. Alivaa ile koti yake ya njano ya mvua, ile ya ukapiteni. Nikamufuata."

"Juu ya nini?"

"Nilisha kukuambia, Mama OPJ," alisema, kama mji mzima ulivyowaita maofisa wa upelelezi.

"Niambie tena."

"Nilitaka kumuulizia mutoto. Reine alikuwa fasi gani mu boti? Chini na mizigo, ama juu? Kama alikuwa chini, pengine alilala, hakuona mambo mingi. Njo hiyo tu nilitaka kujua."

Émérence aliandika, ingawa maneno hayo tayari alikuwa nayo mara tatu. Mwezi wa tatu, boti ya mbao iliyojaa watu na magunia ya mihogo ilizama mbele ya Mpala. Walikufa kumi na mmoja. Reine, binti wa Dieumerci, alikuwa na miaka tisa. Kapiteni Ruphin Kyungu aliogelea hadi ufukweni na kesi yake ilikuwa ianze Jumatatu asubuhi. Jumatatu hiyohiyo, kabla majaji hawajavaa hata majoho yao, aliokotwa kwenye mawe, pale mto Lukuga unapotoka ziwani, kisogo kimepasuka.

Wanawake watatu walimwona Dieumerci akimfuata jioni hiyo ya Jumapili, siku ya yenga. Bandari nzima ilikuwa imemsikia akiapa kwamba Ruphin naye atazama. Kwa Lambert, naibu mwendesha mashtaka, yaani subistiti, hiyo ilitosha na kubaki.

"Ukamufikia?"

"Karibu na daraja. Nikamushika bega, akageuka. Nikamuuliza. Akaniambia, 'Papa, unakosea mutu. Mimi siko Ruphin.'"

"Na wewe?"

"Nilimutemea mate kwenye kifua. Mutu ameua mutoto wangu, na sasa hata jina yake anaikana! Nikaenda zangu nyumbani." Alimtazama usoni. "Kama ningetaka kumuua, Mama, ningemuua mbele ya watu wote. Ningeona haya ya nini?"

Jibu kama hilo halimsaidii mshtakiwa yeyote. Émérence aliweka kalamu chini asiliandike.

"Jana ulianza kusema kitu juu ya mukono ya Ruphin, halafu subistiti akaingia."

"Aa. Ni wale waliopona njo waliniambia. Mawimbi ilipokuja, kapiteni aliachia usukani. Alikuwa anapiga mukono kwenye paja, pa! pa! Anasema vidole vimekufa."

Katika dosie, faili la ajali ya boti, hakukuwa na neno hata moja juu ya vidole. Émérence alifunga daftari, akatoka.

Lambert alikuwa kwenye korido, tai imenyooka, simu mkononi.

"Unatafuta nini tena?" aliuliza.

"Mukono."

"Mufu iko na mikono mbili. Niliihesabu mimi mwenyewe." Alicheka peke yake. "Mama Émérence, gari ya gereza inatoka saa tisa. Wiki ijayo tunamusomea hukumu, mambo imekwisha. Na maziko nayo ni saa tisa. Mufu alizaliwa na mwenzake, na unajua mapasa hawalazwi siku mingi."

"Unipe mupaka saa tisa, basi."

"Saa tisa sina ya kukupa. Ni ya gari."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

*

Akaanza na hospitali. Daftari la radiografi lilikuwa na jina la Ruphin Kyungu, mwezi wa kwanza, kifundo cha mkono wa kuume, na pembeni mtu ameandika kwamba mifupa ni mizima. Mhudumu alikumbuka kwamba kapiteni aliondoka akinung'unika, akisema basi atakwenda kwa Papa Toussaint wa ekografi, mashine ya kuangalia mimba, hata kama ni mahali pa wanawake.

Kliniki ya Papa Toussaint ilikuwa na vyumba viwili na benchi moja. Kwenye benchi walikaa wanawake saba wenye mimba, wakijipepea na karatasi za vipimo. Émérence alipopita mbele yao bila kupanga mstari walimsindikiza kwa macho makali, na alistahili.

Toussaint alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alisikia jina, akapiga makofi.

"Papa kapiteni! Ile mukono siwezi kuisahau. Miaka makumi mbili na tatu niko kwenye hii kazi, niliiona mara moja tu." Alifungua droo, akatoa daftari alimokuwa akibandika picha za mambo ya ajabu. Karatasi za mashine yake huliwa na joto zikabaki nyeupe, kwa hiyo kila moja aliifunga kwenye plastiki. "Njo hii. Tarehe kumi na mbili, mwezi wa kwanza. Kuume."

Émérence aliona ukungu wa kijivu tu.

"Nieleze kama unamueleza mutu wa soko."

"Toa mukono. Gusisha kidole gumba na kile kidogo. Sasa kunja kiganja kuja kwako. Unaona?"

Katikati ya kifundo chake, chini ya ngozi, uzi mwembamba ulisimama.

"Hiyo ni kano ya musuli murefu wa kiganja," alisema Toussaint. "Nyama yake iko huku juu, karibu na kiwiko. Halafu inakuwa kamba, kamba inashuka kwenye kigasha yote mupaka kwenye kiganja. Watu wengine hawana hata hiyo musuli na wanalima, wanatwanga, hawajui. Lakini papa kapiteni, Mungu alimuwekea kichwa chini. Kamba iko juu. Nyama iko chini, hapa, juu ya kifundo."

"Njo alikuwa na uvimbe?"

"Akipumuzika, hauoni kitu. Akishika kazi ya nguvu, nyama inavimba, inatoka kama yai ya kanga. Na chini yake iko mushipa wa fahamu wa vidole. Inaukandamiza, vidole vinakufa ganzi. Watu walimuambia ametupiwa kitu. Alileta na picha ya radio ya hospitali, safi kabisa! Radio inaona mifupa, Mama. Nyama inataka ekografi."

"Ulimupa shauri gani?"

Toussaint alivua miwani. "Nilimuambia asishike usukani ya boti mupaka daktari wa upasuaji amuone. Nilimuambia mara mbili. Akasema sawa, papa."

Mwezi wa kwanza aliambiwa, mwezi wa tatu akawapakia watu. Hasira ilimpanda Émérence. Alikuwa ameiona miili ile kumi na mmoja ikipangwa mchangani pale Mpala, na ule mdogo kuliko yote aliufunika yeye mwenyewe kwa kitenge chake. Kapiteni alijua.

Hasira hiyo ndiyo iliyomkumbusha kitu. Jana asubuhi aliinua mkono wa kuume wa maiti ili aangalie kama kuna ngozi ya mtu chini ya kucha. Mkono ulikuwa umeanza kukaza, kiganja kimejikunja kidogo. Na katikati ya kifundo alikuwa ameona uzi.

Aliona au alidhani ameona? Aliinama kwa Toussaint.

"Ekografi ya mutu aliyekufa, inawezekana?"

"Sauti, Mama!" Mzee alikimbilia mlango, akausukuma ufunge vizuri. "Wale wamama wakijua hii mashini imegusa maiti, hakuna mwenye mimba ataingia humu tena. Hata mimi bibi yangu atanifukuza nyumbani."

"Inawezekana ama haiwezekani?"

"Kama hajaoza, inawezekana. Nyama ni nyama."

"Kule komisaria ya polisi kuna mutu mu pingu. Saa tisa anaenda."

"Ule baba ya mutoto?"

"Yeye."

Toussaint alitazama mashine yake, sanduku dogo la kubebwa mkononi, skrini yake imepasuka pembeni. Akachukua glovu tatu na chupa ya jeli, akaviweka mfukoni. Alipotoka aliwaambia wanawake wa kwenye benchi kwamba anakwenda kumpima mtu asiyeweza kutembea. Wakamwambia aende salama, awahi kurudi.

*

Papa Jérémie, mlinzi wa morgi ya kuhifadhi maiti, aliwafungulia bila furaha.

"Familia inakuja kumuchukua saa saba, Mama OPJ. Mukimuharibia nguo mutanilipa nini?"

"Hatuharibu kitu. Toa mukono wa kuume tu."

Saa ya ukutani ilionyesha sita na robo. Maiti alilala na suti nyeusi iliyopigwa pasi. Uso ulikuwa uleule uliobandikwa kwenye dosie ya boti: paji pana, nyusi zinazokutana, pengo dogo kwenye meno ya juu. Watu kumi na watano walikuwa wamemtambua bila kusita. Koti la njano lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, na Émérence mwenyewe ndiye aliyeutia lakiri.

Jérémie alipandisha mkono wa suti hadi juu ya kiwiko. Toussaint alikivisha kichwa cha mashine glovu, kisha nyingine juu yake, kisha ya tatu, akamimina jeli mpaka ikachuruzika mezani. Akajikemea kwa Kiluba.

"Naanza kwenye kifundo," alisema. "Unaona hii mistari miwili inang'aa? Mifupa. Huu wa mviringo wenye vitobo vitobo ni mushipa wa fahamu. Juu yake kunapashwa kuwa na nyama, kitu cheusi chenye nyuzi nyeupe."

Juu yake hakukuwa na kitu cheusi. Kulikuwa na alama bapa, ndogo, nyeupe.

"Hiyo?"

"Kamba." Alisogeza kichwa cha mashine taratibu kuelekea kiwiko, kidole kwa kidole. "Kamba. Kamba bado. Kamba inakuwa nyembamba..." Alisimama. Kwenye skrini giza lilifunguka lenye nyuzi nyeupe, vidole vinne chini ya kiwiko. "Na hii njo nyama. Iko fasi yake. Huyu mutu ni kama wewe na mimi."

"Pengine alipasuliwa baada ya kuja kwako. Wakaikata."

"Nionyeshe kovu."

Walitafuta na tochi ya simu. Ngozi ya kifundo ilikuwa nzima.

"Pengine ulikosea kuandika upande. Ilikuwa kushoto, wewe ukaandika kuume."

Toussaint aliuma mdomo. Ni tusi, lakini ni tusi la haki, na mtu wa fani hulijibu kwa kazi. Alizunguka meza, akamwagia jeli mkono wa kushoto, akapima kutoka kifundo hadi kiwiko. Kamba chini, nyama juu.

"Na kufa hakugeuzi nyama," alisema kabla hajaulizwa. "Inaoza. Haipinduki."

Betri ilikuwa imebaki kidogo. Alichapa picha nne, kila moja na tarehe na saa yake pembeni, akazipuliza zipoe.

Émérence aliushika ule mkono, safari hii akauangalia kwa macho ya mtu anayeuliza. Ncha za vidole zilikuwa zimepasukapasuka, na ndani ya nyufa kulikuwa na weupe. Jana alidhani ni maji ya ziwa. Maji ya ziwa hayaingii kwenye ngozi namna hiyo. Chokaa ndiyo huingia, mwaka baada ya mwaka, na chokaa inachimbwa Kabimba.

Kabimba ndiko alikofanya kazi Isidore Kabange, pacha wa Ruphin. Mji mzima uliwaita kwa majina waliyozaliwa nayo, Kyungu aliyetangulia na Kabange aliyefuata. Mama mmoja, sura moja. Isidore alikuwa ameshuka hapa Kalemie Jumapili ili amsindikize ndugu yake mahakamani. Mvua ilinyesha. Mtu aliyeogopa kesi ya Jumatatu alimvalisha koti la njano.

"Mimi siko Ruphin," alisema Émérence kwa sauti.

"Ati nini?" Jérémie aliruka.

"Aliambiwa ukweli, ule baba. Akautemea mate."

Alimpigia Lambert palepale. Lambert alisikiliza mpaka mwisho, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

"Picha za nyama," alisema. "Mama Émérence, hawa ni mapasa. Uso moja, damu moja. Leo unaniambia huyu wa morgi siye, kesho avoka mwenye kumutetea Dieumerci atakubali, kesho kutwa familia italeta mutu aseme Toussaint alichanganya watu wawili na sura yao moja. Nani aliona mukono ya yule mwenye kubaki? Wewe ulimuona?"

Émérence alizitia mfukoni zile picha nne.

"Ulimuhoji?"

"Hapana."

"Njo hiyo. Niletee mukono wa mutu muzima, ninasimamisha gari. Na ujue, ukimugusa pasa mwenye kubaki bure, wamama wa mutaa wote watakuvua hiyo iniforme ya polisi."

Alikuwa amemhoji kila mtu: wauza samaki, mabaharia, padri, hata mtoto wa shule aliyeiona maiti kwanza. Pacha aliyebaki hakumgusa, kwa sababu hakuna mtu aliyelelewa huku anayemgusa. Pacha aliyebaki haoneshwi maiti ya mwenzake. Haulizwi, haambiwi hata neno kifo. Anakalishwa ndani na mama yake, anapakwa udongo mweupe, anaambiwa ndugu yake amekwenda kutafuta chumvi. Émérence aliifuata desturi kama vile ni kifungu cha sheria, na muuaji alikuwa ameihesabu desturi hiyo tangu mwanzo. Aliona aibu, akatoka na Toussaint, akawasha pikipiki yake.

*

Nyimbo za nyumba ya msiba zilisikika tangu kwenye reli. Zilikuwa nyimbo za mapasa, zenye matusi mazito ya kuchekesha, na wanawake waliziimba kwa nguvu huku wakigonga sahani. Mgeni angedhani ni harusi. Mapasa hawaliliwi. Mama yao akitoa chozi, wa pili anamfuata wa kwanza. Hilo hufundishwa hata wasichana wadogo. Kwa hiyo Mama Rosalie, mama mapasa, mzazi wa ndugu hao wawili, tangu Jumatatu alikuwa hajalia. Aliimba.

Sanduku la maiti lilikuwa limeshafika, likawekwa kwenye viti viwili chini ya turubai. Saa nane kasoro dakika kumi.

Émérence aliingia chumba cha ndani na Toussaint nyuma yake. Mwanamume alikaa kwenye mkeka, kifua wazi, mikono yote miwili imepakwa udongo mweupe kutoka vidoleni hadi kiwikoni. Paji pana, nyusi zinazokutana. Kando yake alikaa Mama Rosalie, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, sauti imemkauka kwa kuimba.

"Pole, Mama," alisema Émérence. "Pole, Papa Isidore."

"Ndugu yangu ameenda kutafuta chumvi," alijibu mwanamume kama inavyopasa.

Kisha akamwona Toussaint. Aliuvuta mkono wa kuume, akaupitisha chini ya kitenge kilichomfunika miguu.

"Unamujua Papa Toussaint?"

"Simujui."

"Ni wa ekografi. Anataka kuona kigasha yako dakika moja. Hakuna maumivu."

"Mama OPJ, tuko mu matanga."

"Basi usipimwe. Gusisha tu gumba na kidole kidogo, ukunje mukono. Hata mutoto anafanyaka hivyo."

"Pasa mwenye kubaki hagusiwi!" Alisema kwa sauti ya kusikika nje, na nyimbo zikapungua. Wanawake wawili walikuja mlangoni, kisha wanne. "Mama, uwaambie. Polisi wanataka kunishika, na Kyungu hajafika hata kwenye shimo!"

"We mwanamuke, hauna mama?" mmoja alimuuliza Émérence. "Umezaliwa na nani, hata ufanye hivi?"

Toussaint alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Émérence alijua kwamba akinyoosha mkono atatolewa nje na kupigwa, na saa tisa itapita. Alipiga magoti kwenye mkeka. Hakumtazama tena mwanamume. Alimtazama mama.

"Mama Rosalie, sikuje kugusa mutoto wako. Nakuuliza wewe. Uliosha maiti?"

"Walioshaka wengine," alisema mama polepole. "Mimi nilimuona wakati walimutoa kwenye mawe. Kabla hawajanivuta."

"Ulimuona vizuri?"

"Niliwanyonyesha wote wawili."

"Mama, nyamaza," alisema mwanamume.

"Ule wanasema alimuua, anaitwa Dieumerci," Émérence aliendelea. "Binti yake ya miaka tisa alikuwa mu ile boti. Siku ya yenga alifuata mutoto wako kwenye mvua juu ya kumuuliza kitu moja: Reine alikuwa fasi gani, juu ama chini. Hakupata jibu, sababu ule aliyemuuliza hakukuwa mu boti. Alitoka Kabimba. Saa tisa wanamupakia mu gari. Na hiyo sanduku wataiweka musalaba wenye jina ya Ruphin. Mama, nani iko ndani ya sanduku?"

Hakuna aliyekuwa akiimba tena. Mama Rosalie alimgeukia mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu, na macho ya mwanamume yakamkimbia.

"Alikuja kukusaidia," alimwambia. "Alikuletea na samaki."

"Mama. Imba."

Mama Rosalie alifungua mdomo aimbe. Neno la kwanza la wimbo lilitoka, la pili likavunjika katikati, na kilichofuata kilikuwa kilio. Alilia kwa sauti yote, kilio alichokuwa amekifungia siku mbili, akajipiga kifua na kuita, "Kabange! Kabange wangu, mutoto wa nyuma! Kabange, yoo!"

Mlangoni mwanamke mmoja alidondosha sahani. Mwingine alijiziba masikio.

Mwanamume alimrukia mama yake. Aliuchomoa mkono wa kuume chini ya kitenge, akaubandika kwenye mdomo wa mama huyo, akakaza kwa nguvu zote. Udongo mweupe ulipasuka kwenye kifundo, na chini yake nyama ilitokeza, nene, ya mviringo, mahali ambapo kwa watu wengine hukaa kamba tu.

"Njo hiyo!" Toussaint alipiga kelele kutoka ukutani. "Njo hiyo, Mama!"

Sekunde chache tu, vidole vikaanza kulegea. Ruphin Kyungu aliupiga mkono wake kwenye paja, mara moja, mara mbili, na wanawake walewale waliokuwa wamekuja kumtetea ndio waliomkamata. Walimkalisha chini kwa uzito wao. Hakuna aliyemtukana. Émérence alimfunga pingu, kisha akatoka hadi kwenye turubai, karibu na sanduku, akapiga simu.

"Umeona musuli?" aliuliza Lambert. Nyuma yake injini ya gari ilikuwa inanguruma.

"Nimeuona. Na Toussaint ameuona, na wamama waliojaa mulangoni. Lakini andika hii ya kwanza. Mama mapasa amelia. Anamuita Kabange."

Lambert alizaliwa Manono. Mama yake mwenyewe aliwahi kuzika pacha mmoja akiimba, na aliendelea kuimba nyumbani mwezi mzima.

"Analia kweli?" aliuliza.

Émérence aliinua simu kuelekea dirishani. Aliishikilia hivyo mpaka mkono ukamuuma. Alipoirudisha sikioni, ile injini ilikuwa imezimwa, na alimsikia Lambert akimwambia mtu, taratibu, bila hata kejeli moja, alete funguo za pingu za baba yake Reine.